Kubernetes: Kubadili violesura bila kuangusha seva

Tarehe 14 Machi mwaka 2023, mtandao wa kijamii wa Reddit wa nchini Marekani ulikosa huduma kwa dakika 314, yaani zaidi ya saa tano. Haukuwa umeshambuliwa na wadukuzi. Wahandisi wake walikuwa wakihamisha kundi la seva kutoka toleo la 1.23 la programu ya Kubernetes kwenda toleo la 1.24, na katika toleo hilo jipya neno moja lilikuwa limeondolewa.

Kubernetes ni programu huria ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja. Huamua kazi ipi iendeshwe kwenye mashine ipi, na huianzisha upya kazi inapokwama. Ilitangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014, na toleo lake la 1.0 likatoka Julai 2015. Watumiaji huiagiza kupitia violesura, yaani majina na mipangilio ya maagizo ambayo programu imeahidi kuyaelewa. Jina likifutwa, kila hati iliyoandikwa kwa jina hilo hukoma kufanya kazi.

Ngazi tatu za ahadi

Ili mabadiliko yasimkute mtumiaji ghafla, mradi huo huvigawa violesura katika ngazi tatu. Kiolesura cha alfa, ambacho ni cha majaribio ya awali, chaweza kuondolewa wakati wowote bila taarifa. Cha beta, kikishatangazwa kuwa kinaachwa, sharti kiendelee kufanya kazi kwa miezi 9 au matoleo 3, kwa kufuata muda ulio mrefu zaidi. Kilichokomaa hakiondolewi maadamu namba kuu ya toleo haijabadilika, na tangu mwaka 2015 namba hiyo imebaki 1.

Agosti 2021, toleo la 1.22 liliondoa violesura kadhaa vya beta, kikiwemo cha Ingress, ambacho huelekeza maombi ya nje kwenye huduma zilizo ndani ya kundi la seva. Mbadala wake uliokomaa ulikuwapo tangu toleo la 1.19, mwaka mmoja kabla. Kuanzia toleo hilohilo la 1.19, anayetumia kiolesura kinachoachwa huonyeshwa onyo anapotuma agizo. Hata hivyo, watumiaji wengi walikuwa wamezoea kuvitegemea violesura vya beta kana kwamba vimekomaa. Ndiyo sababu, tangu toleo la 1.24, violesura vipya vya beta havifunguliwi mpaka msimamizi aamue mwenyewe.

Jibu tupu

Neno lililoiangusha Reddit halikuwa katika ngazi hizo tatu. Lilikuwa lebo, "master", iliyobandikwa kwenye seva zinazoongoza nyingine. Desemba 2020, toleo la 1.20 lilitangaza kwamba nafasi yake itachukuliwa na "control-plane", na Mei 2022 toleo la 1.24 likaifuta. Mipangilio ya mtandao wa ndani wa Reddit iliendelea kuzitafuta seva kwa lebo ya zamani. Ilipotoweka, hakuna seva iliyopatikana, na mawasiliano ndani ya kundi yakakatika.

Kiolesura kilichoondolewa hurudisha kosa linaloonekana. Anayetafuta lebo iliyofutwa hapati kosa, hupata jibu tupu, na programu huendelea kana kwamba kila kitu ni sawa. Kwa kuwa Kubernetes haina njia rasmi ya kurudi toleo la nyuma, wahandisi walilazimika kulirejesha kundi hilo kutoka kwenye nakala ya akiba.

Kubaki kwenye toleo la zamani si kinga. Kila toleo hutunzwa kwa takriban miezi 14, na baada ya hapo halipati tena marekebisho ya usalama. Kwa hiyo, kabla ya kuhama, msimamizi wa seva hana budi kusoma orodha ya mabadiliko ya kila toleo lililo njiani, kisha kuyatafuta majina yaliyofutwa katika hati zake zote, zikiwemo za programu za ziada zilizosimikwa miaka ya nyuma na watu ambao huenda wameshaondoka. Pia hujaribu kwanza kwenye kundi lisilohudumia wateja, na huhakikisha kwa vitendo kwamba nakala ya akiba inarejesheka.