Programu huria nazo hustaafu: Garsen ina haki ya kuarifiwa

Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa, katika delta ya Mto Tana nchini Kenya, kilivamiwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa. Kufikia mapema 2013 mapigano kati ya jamii za Wapokomo na Waorma yalikuwa yameangamiza zaidi ya watu 100. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, malisho na maji, uvumi ukaukoleza.

Ndipo shirika la Sentinel Project la Kanada likaanzisha mpango wa Una Hakika. Mwananchi aliyesikia habari ya kutisha aliiripoti kwa arafa au kwa simu, ikachunguzwa, kisha ukweli ukarudishwa vijijini. Kazi hiyo iliendeshwa na WikiRumours, programu huria: msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuurekebisha. Njia hiyo Wakenya walikuwa wameshaifungua Januari 2008, walipounda jukwaa la Ushahidi ili kuonyesha kwenye ramani ghasia za baada ya uchaguzi.

Hata hivyo, programu huria huishi kwa watu wanaoziba mianya ya usalama na kutoa matoleo mapya. Ufadhili ukikatika au mwajiri akigeuza nia, watu hao hutawanyika, na anayeitegemea programu asijue.

Wakfu wa Apache wa Marekani, unaosimamia miradi ya programu huria, ulilikabili tatizo hili mwaka 2008 kwa kufungua Attic, mahali pa kustaafishia miradi. Wasimamizi wa mradi wasipoweza tena kupata kura 3 za kupitisha toleo, mradi hutangazwa kuwa umefungwa, na msimbo huhifadhiwa usomeke bila kubadilishwa. Wenye nia wanaweza kuunakili na kuuendeleza.

Harmony, mradi wa lugha ya programu ya Java, uliingia humo Novemba 2011, mwaka mmoja baada ya kampuni ya IBM kuhamishia nguvu zake kwenye mradi mwingine wa Java, OpenJDK. Lakini Android, mfumo wa simu, ilikuwa imejengwa juu ya maktaba za Harmony, na haikuachana nazo hadi toleo la 7 la mwaka 2016. Kwa hiyo simu za Android zilizotumika Garsen, mji wa delta ya Tana, miaka hiyo zilibeba kazi ya mradi uliokwisha kufungwa.

Kaunti na wafadhili wanaoleta mifumo ya tahadhari ya mafuriko au ya amani wazingatie historia hii. Mkataba useme tangu mwanzo nani atautunza mfumo, msimbo utahifadhiwa wapi, na nani atawaarifu wananchi matunzo yakikoma. Aliyeukabidhi mfumo usalama wake asiachwe akituma arafa ambazo hazisomwi na mtu.