Madebe ya Ahmes, Kete za Songea

Jioni moja mjini Songea, chini ya mwembe, nilimtazama mzee akicheza bao. Alichota kete, akazigawa shimo kwa shimo. Ya mwisho ikikuta shimo lenye kete, anachota tena. Ikiangukia shimo tupu, amelala: zamu yake imekwisha. Kanuni ni ileile, inarudiwa mpaka ijisimamishe.

Kenneth Iverson, Mkanada aliyefundisha Harvard, alichapisha mwaka 1962 kitabu kilichozaa APL, lugha ya kompyuta inayoshika safu nzima ya namba kwa amri moja. Mwaka 1990, yeye na Roger Hui wakaleta J. Humo alama ^: huagiza kanuni irudiwe mara utakazo, au mpaka jibu likome kubadilika. Bao tupu!

Lakini mara milioni, kompyuta haitachoka? Njia ya mkato ni kongwe. Mnamo mwaka 1550 KK, karani wa Misri aitwaye Ahmes alinakili mafunjo ya hesabu ambayo Rhind, Mskoti, aliyanunua Luxor mwaka 1858. Humo kuzidisha ni kurudufu. Tulete mahindi ya Songea: gunia 13, kila moja madebe sita. Gunia moja 6, mawili 12, manne 24, manane 48. Kwa kuwa 13 ni 8 na 4 na 1, jumlisha 48, 24 na 6: madebe 78.

Kanuni nayo hurudufiwa hivyo. Deni linaloongezeka asilimia 2 kila mwezi huzidishwa kwa 1.02. Kwa miezi 64 usizidishe mara 64: 1.02 izidishe kwa yenyewe, jibu nalo kwa lenyewe, hivyo mara sita tu, kisha lizidishe kwa deni. Hatua 20 za namna hiyo zinavuka miezi milioni.

Hapa wengi hujidanganya. Mkato unafaa pale tu kanuni mbili zinapoyeyuka kuwa moja, kama namba hiyo au jedwali la namba. Kanuni isiyoyeyuka, hata ukiipa jina jipya la "mara nane", ndani kompyuta itaiendesha mara nane zilezile.

"Shikamoo, mzee. Huwezi kuruka moja kwa moja hadi unapolala?"

"Marahaba. Sasa hizi kete, mwanangu, atazigawa nani?"

Akachota tena.