Kutoka Kyoga hadi Gati la Jinja: Historia ya Kuhamisha Shehena Mashariki mwa Uganda

Mijadala ya sasa kuhusu uchukuzi wa njia mseto nchini Uganda huendeshwa kana kwamba kuunganisha maji, reli na barabara ni fikra mpya. Mashariki mwa nchi hiyo fikra hiyo ina zaidi ya karne moja. Linalostahili kuchunguzwa ni kwa nini viungo vya mfumo wa awali viliachwa kimoja baada ya kingine. Makala haya yanashikilia kwamba jibu limo katika mahali ambapo mzigo ulihamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, na kwamba Jinja na Mbale zinalidhihirisha jambo hilo kwa namna mbili tofauti.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 na kukomea ziwani. Kutoka hapo shehena ya Uganda ilitegemea meli za mvuke za Ziwa Victoria. Kilimo cha pamba kilipoenea Busoga, Bukedi na Teso, serikali ya kikoloni ilikabiliwa na kikwazo cha maumbile: maporomoko ya Mto Naili kaskazini mwa Jinja hayakuruhusu meli kupita. Reli ya Busoga, iliyojengwa kuanzia 1910 na kufunguliwa 1912, ilikusudiwa kuyakwepa. Urefu wake haukuzidi sana kilomita 100, kutoka Jinja hadi Namasagali, ambako meli za Ziwa Kyoga zilitia nanga.

Ifuatwe safari ya robota moja la pamba ya Teso. Lilipakiwa melini katika bandari ndogo ya Kyoga, likashushwa Namasagali na kutiwa behewani, likashushwa tena kwenye gati la Jinja na kupakiwa katika meli nyingine, likapandishwa kwenye reli huko Kisumu, na hatimaye likahamishiwa melini Mombasa. Mara tano makuli walilitia mikono. Kila mara palihitajika ghala, ujira, na subira ya kungoja chombo kifuatacho. Kwenye ramani mfumo huo ulipendeza. Katika hesabu za mwenye mzigo ulikuwa ghali.

Ndiyo maana haukudumu. Mwaka 1928 njia kuu mpya kutoka Nakuru kupitia Eldoret na Tororo iliungana na reli ya Busoga huko Mbulamuti. Tawi la Tororo hadi Soroti, linalopita Mbale, lilikamilika 1929. Daraja la reli juu ya Naili huko Jinja lilifuata 1931, na treni zikafika Kampala. Sasa pamba ya Teso iliweza kufika Mombasa katika behewa lilelile. Namasagali iliendelea kuhudumia njia ya Masindi Port na Butiaba kuelekea Ziwa Albert, lakini mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipopandisha maji, bandari ikafungwa. Majengo yake yaligeuzwa kuwa shule.

Jinja ilinusurika kwa sababu haikubaki kituo cha kupitishia mizigo tu. Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa 1954 viwanda vilikuja karibu na umeme, na shaba ya Kilembe ililetwa kwa reli kutoka Kasese ili iyeyushwe hapo. Katika miaka ya 1960 ziwa nalo lilirudishiwa nafasi kwa vivuko vya mabehewa, vilivyobeba takribani mabehewa ishirini kila kimoja. Hili ndilo wazo bora zaidi katika historia nzima ya uchukuzi wa eneo hili, na halijapewa uzito unaostahili: gunia halikuguswa, behewa zima ndilo lililovuka maji. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuligawa reli na vyombo vya majini baina ya mataifa, na lori likachukua nafasi yake. Lori halikushinda kwa kasi pekee. Lilishinda kwa sababu hupakiwa mara moja na kushushwa mara moja.

Mbale ina tatizo jingine. Kahawa ya Bugisu hushuka kutoka Mlima Elgon vichwani, kwa punda na kwa bodaboda, chombo ambacho jina lake lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. (Wapangaji wengi bado huihesabu bodaboda kama usafiri wa abiria, ilhali ndiyo inayobeba mzigo katika kilomita za kwanza na za mwisho.) Ukarabati wa reli ya Tororo hadi Gulu, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 370, ulioanza 2023, unairudishia Mbale njia yake. Hata hivyo njia hiyo ilichorwa kwa ajili ya bahari. Anayetaka kufika Jinja kwa reli lazima ateremke kwanza hadi Tororo, ilhali barabara ya Tirinyi humfikisha karibu na Iganga moja kwa moja kwa takribani kilomita 100.

Kwa hiyo haitarajiwi kwamba mizigo baina ya miji hii miwili itaondoka barabarani. Reli inaweza kushindania kahawa iendayo Mombasa, na saruji, mbolea na bidhaa nyingine zinazopanda kutoka Tororo na pwani. Hilo litategemea zaidi uwanja wa mizigo wa stesheni ya Mbale kuliko mataruma mapya: kama lori dogo na bodaboda zitaruhusiwa kufika kando ya behewa, kama patakuwa na ghala na mizani, na kama ardhi ya stesheni itakuwa bado haijajengwa maduka.