Kutafuta mtaji wa biashara ndogo bila ya riba: ya kuangalia kabla ya kutia saini

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Wengi katika watu wetu wa Unguja na Pemba wanataka kuanzisha biashara ndogo: duka, cherehani, friji la samaki, vifaa vya kilimo cha mwani. Mtaji hawana, na wanauliza wapi watapata fedha bila ya kuingia katika riba. Jibu kwa ufupi ni kwamba njia zipo, lakini uhalali hautokani na jina la mkataba. Hutazamwa kinachotendeka: nani anamiliki kitu, na nani anabeba hasara kikipotea.

Visiwa vyetu vinalijua hili zamani. Katika karne ya 19 ilienea hapa bai khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu alimuandikia mkopeshaji kwamba amemuuzia shamba, kwa sharti la kulikomboa akirudisha fedha, na mara nyingi alibaki humo humo akilipa kodi. Karatasi ilisema mauzo na upangaji. Ukweli wake ulikuwa mkopo wenye ziada, na aliyeshindwa kukomboa shamba lilikwenda.

1. Qardhi hasana

Huu ni mkopo unaorudishwa kama ulivyotoka. Ukikopa 500,000 unarudisha 500,000. Unapatikana kwa jamaa, marafiki, na vikundi vya kuweka na kukopeshana. Upatu, ambao kila mmoja hutoa sawa na kupokea sawa kwa zamu, wanavyuoni wengi wameujuzisha. Lakini kikoba kinachomtaka mkopaji arudishe ziada ya asilimia fulani kimeingia katika riba, hata kama ziada hiyo wanachama wanagawana wenyewe mwisho wa mwaka. Kikundi kinaweza kutoza gharama halisi, kama daftari na karatasi, si zaidi.

2. Murabaha

Hii ni biashara, si mkopo wa fedha. Benki inanunua kitu unachokihitaji, kisha inakuuzia kwa faida inayojulikana, nawe unalipa kidogo kidogo. Kwa mfano, friji linanunuliwa dukani kwa 1,800,000. Benki inakuuzia kwa 2,100,000, kwa miezi 12, kila mwezi 175,000. Bei hiyo haiongezeki tena.

Sharti lake kubwa ni benki ikimiliki kitu kwanza, kwani Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Friji likiungua njiani kutoka Dar es Salaam kabla hujauziwa, hasara ni ya benki. Ukipewa fedha mkononi ukaambiwa "kanunue unachotaka, utarudisha na faida", huo ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu.

Benki ya Watu wa Zanzibar ilianza huduma za Kiislamu mwaka 2011, na Amana Bank ilifunguliwa Tanzania mwaka huo huo. Hata hivyo usitosheke na neno "Kiislamu" kwenye bango. Soma mkataba wako.

3. Mudharaba na musharaka

Katika mudharaba mmoja anatoa mtaji na mwengine anafanya kazi. Katika musharaka wote wawili wanatia mtaji. Faida inagawanywa kwa fungu walilokubaliana, kama 60 kwa 40, wala haijuzu mmoja kujiwekea kiasi maalumu. Katika mudharaba hasara ya mtaji ni ya mwenye mali, ila mfanyakazi akifanya uzembe au khiyana. Katika musharaka kila mmoja hubeba hasara kwa kadiri ya mtaji wake.

Hapa familia nyingi huteleza. Ami yuko Muscat, anamletea kijana wake 5,000,000 na kumwambia: "Niletee laki moja kila mwezi, na mtaji wangu ubaki palepale." Hiyo ni riba, ijapokuwa baina ya damu moja na kwa nia ya kusaidiana. Wageuze wakubaliane fungu la faida itakayopatikana.

Dhamana

Rahani inajuzu, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliweka deraya yake rahani kwa chakula. Lakini mkopeshaji asichume karafuu za shamba aliloekewa rahani, kwani hayo ni manufaa juu ya mkopo. Na nyumba ya urithi isiyogawanywa si yako peke yako. Usiiweke dhamana bila ya ridhaa ya warithi wote, akina mama na dada wakiwemo. Mali ya mayatima usiiguse.

Uliza kabla ya kusaini

- Nani anamlipa mwenye duka, na kitu kinakuwa cha nani kabla ya kuuziwa mimi?
- Bei yote ni kiasi gani, na inaweza kubadilika?
- Nikichelewa, kuna ziada? Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao cha Jeddah mwaka 1990, lilikata kwamba ziada ya kuchelewa juu ya deni ni haramu.
- Nikishindwa kabisa, kitachukuliwa nini?
- Biashara ikiuza nusu ya ninavyotarajia, nitaweza kulipa?

Jibu la swali la mwisho likiwa hapana, punguza unachonunua au subiri. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kutokana na deni. Ukishaafikiana, andikeni na muweke mashahidi, kama inavyoamrisha Aya ya 282 ya Suratul Baqara. Na wewe unayedai, Aya ya 280 inakutaka umpe muhula aliye katika dhiki.

Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali yake na atuepushe na haramu. Wallahu a'alam.