Bodi moja, majina 139

Leo nawaletea historia kidogo, maana anayesomea ualimu wa Historia asiposimulia atakula nini mbele ya safari! Mada ni majina yanayofanana. Naanzia kwetu Kagera, halafu tutaingia kwenye intaneti.

Watu wa Ngara mnaijua hii: kuna Kabanga yetu, mpakani na Burundi, na kuna Kabanga ya Kasulu, Kigoma. Mwambie mtu wa Dar unakwenda Kabanga, atakuuliza ipi. Hapo hakuna mwizi, majina yamegongana tu.

Ila kuna majina ya kutengenezwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa kama siku moja na kutua Benaco. Chakula cha msaada mwanzoni kiligawiwa kupitia viongozi waliokuja nao, kwa orodha za viongozi haohao. Orodha zikavimba. Jina hewa likapata mgao halisi, na mnyonge asiye na wa kumsemea ndiye aliyeumia. Ikabidi watu waandikishwe upya na kupewa kadi. Yaani ukaguzi ulikuja wakati wizi umeshafanyika.

Intaneti nayo ilipitia njia hiyohiyo. Watu walianza kununua anwani zinazofanana na za makampuni makubwa, wakisubiri wenye vidole vizito wakosee herufi. Mwaka 1999 Marekani ikatunga sheria dhidi ya mchezo huo. Mwaka 2002 watafiti Evgeniy Gabrilovich na Alex Gontmakher wakaonyesha balaa zaidi: walisajili jina la Microsoft wakitumia baadhi ya herufi za Kirusi. Kwa macho huoni tofauti, kwa kompyuta ni jina jingine kabisa.

Mwaka 2015 sisi tulipata Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayokataza kujifanya mtu mwingine kwa kompyuta. Mwaka huohuo Marcin Ulikowski wa Poland akatoa programu iitwayo dnstwist. Kazi yake ni kama ya mwizi, ila anaifanya mlinzi. Unaipa anwani ya taasisi yako, yenyewe inatunga majina mengi ya kufananafanana, halafu inakagua yapi yameshasajiliwa.

Tujaribu kwa mkono na Bodi ya Mikopo, HESLB. Dondosha herufi moja: majina 5. Badilishana herufi jirani: 4. Rudia herufi moja: 5. Weka herufi nyingine mahali pa mojawapo: 125. Jumla 139, na bado hatujagusa tarakimu wala herufi za Kirusi!

Sasa hapa ndipo paliponinogea. Dondosha S unapata HELB, bodi ya mikopo ya Kenya, iliyoanza 1995, wakati yetu ilianza kazi 2005. Badala ya L weka F unapata HESFB, ya Uganda. Hawa si matapeli, ni majirani zetu! Kwa hiyo orodha haihukumu mtu. Inakuonyesha pa kuangalia tu, kama vile Kabanga mbili. Kuhukumu ni kazi ya binadamu.

Na kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu mdogo wetu anayemaliza form six Ngara au Biharamulo anaomba mkopo steshenari, kwenye kompyuta isiyo yake, foleni imejaa nyuma yake. Akiingia tovuti ya bandia anaacha namba ya mtihani, neno la siri, na pengine hela ya fomu. Bumu ndiyo chuo chenyewe kwa mtoto wa mkulima wa migomba. Likipotea, anabaki nyumbani.

Mfundisheni hili: anwani inayoishia .go.tz ni ya serikali, si ya kila mtu. Asome mwisho wa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza. Kama .go.tz imekaa katikati na mwisho kuna .com, akimbie.

Benaco walihesabu baada ya chakula kuibwa. Sisi majina ya uongo tunaweza kuyahesabu kabla. Haya wadau, nawahi pindi.