Upigaji picha katika uchunguzi wa kuvu vamizi kwa watoto

Kuvu vamizi ni maambukizi ya fangasi yanayopenya hadi viungo vya ndani kama mapafu, ini au ubongo, tofauti na choa cha kichwani au utando wa kinywani. Huwapata zaidi watoto wenye saratani ya damu, waliopandikizwa uboho, na njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati.

Dawa za saratani humpunguzia mtoto chembe nyeupe za damu. Homa ikidumu siku 4 au zaidi licha ya antibiotiki kali, hupigwa CT-skani ya kifua. Eksirei haitoshi: mara nyingi hutoka safi ilhali kuvu aina ya Aspergillus imekwisha kuota mapafuni. CT-skani huonyesha vinundu, pengine vimezingirwa na ukungu hafifu. Ukungu huo ni damu, kwani kuvu hii hutoboa mishipa. Chembe nyeupe zikirejea, nyama iliyokufa hujibandua na kuacha mwanya wa hewa wenye umbo la hilali. Alama hizi mbili husifiwa sana vitabuni, lakini zilijulikana kwa wagonjwa watu wazima. Kwa watoto, hasa wa chini ya miaka 5, hazionekani mara nyingi. Anayengoja hilali atachelewa. Tena vinundu huweza kukua wiki ya kwanza ya tiba hata dawa ikifanya kazi, hivyo picha ya kurudia mapema mno hutisha bure.

Candida, kuvu ya aina nyingine, hupendelea ini na wengu. Altrasaundi huonyesha madoa madogo yenye kiini katikati, mithili ya shabaha. MRI huyaona vizuri zaidi, ila mtoto mdogo hatulii ndani ya mashine na huenda akahitaji dawa ya usingizi. Madoa hayo aghalabu hujitokeza chembe nyeupe zinapopanda, siyo kabla.

Kwa njiti mwenye Candida kwenye damu, mashine ya altrasaundi husogezwa hadi kitandani. Kifaa hupakwa jeli na kuwekwa juu ya utosi, mahali ambapo mfupa haujafunga, ubongo ukaonekana bila mionzi yoyote. Kisha hutazamwa moyo, pamoja na figo ambamo mabonge ya kuvu huweza kuziba njia ya mkojo.

Picha haitaji jina la kuvu. Vinundu vya mapafuni vyaweza kuwa kifua kikuu, na jibu la uhakika hutokana na maji yaliyotumika kuosha mapafu au kinyama kilichokatwa na kutazamwa kwa hadubini. Mtoto akiwa mahututi, dawa ya kuvu huanzishwa kabla jibu hilo halijafika.