Mtandao wa Vihisi Pasiwaya

Mtandao wa vihisi pasiwaya ni kundi la vifaa vidogo vinavyopima hali ya mahali, kama vile joto, unyevu au mtikisiko, na kupokezana vipimo hivyo kwa redio hadi vifike kwenye kompyuta ya kituo. Kila kifaa, yaani nodi, kina kihisi, kompyuta ndogo, redio na chanzo cha umeme, mara nyingi betri.

Historia

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kristofer Pister wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliongoza mradi wa Smart Dust, uliolenga nodi yenye ukubwa wa milimita moja ya ujazo tu. Hapohapo Berkeley, David Culler na wenzake waliunda TinyOS, programu endeshi ya nodi hizo. Mwaka 2002 nodi ziliwekwa kwenye mashimo ya ndege wa baharini katika kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine, Marekani, zikapima hali ya viota bila mtu kuwabughudhi ndege wakiatamia. Kanuni ya mawasiliano ya redio za nodi kama hizo, IEEE 802.15.4, ilitolewa mwaka 2003.

Kubana umeme

Redio hula umeme mwingi kuliko kompyuta ya nodi inapofanya hesabu, hata redio hiyo inaposikiliza tu. Kwa hiyo nodi hulala karibu muda wote, huamka kupima, hutuma kwa ufupi, kisha hulala tena.

Mradi wa ZebraNet wa Chuo Kikuu cha Princeton ulionyesha ubunifu wa kubana umeme huko Laikipia, Kenya, Januari 2004. Punda milia walivishwa mikanda ya shingoni yenye GPS, redio na seli za jua. Badala ya kila mkanda kutuma mbali, wanyama wawili walipokaribiana mikanda yao ilinakiliana kumbukumbu. Kwa njia hiyo, mtafiti aliyemkaribia punda milia mmoja aliweza kupata pia nyendo za wengine asiowaona.

Kutoka kupima hadi kutenda

Kumbukumbu za punda milia zinaweza kuchelewa siku kadhaa zisipoteze thamani. Mambo hubadilika kompyuta inapotenda kulingana na kipimo. Shambani, kihisi kikionyesha udongo umekauka, kompyuta hufungua maji, hupima tena, kisha hufunga. Mfumo wa namna hii huitwa saiba-fizikia, istilahi iliyoasisiwa mwaka 2006 na Helen Gill wa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani. Katika mfumo kama huo wa breki za gari, kuchelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde kunaweza kugharimu uhai.

Kipimo cha uongo ni hatari vilevile. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilivuruga mwendo wa mashinepewa, yaani mashine zizungukazo kwa kasi, za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, huku kikiwaonyesha waendeshaji kuwa kila kitu ni shwari. Ndiyo maana watafiti sasa hawatoshelezwi na nodi inayodumu. Wanadai pia kipimo kifike kwa wakati, na kiwe cha kweli.